Nyasi Nilizong'oa Tukiuza Nyumba

Dalali alisimama ng'ambo ya barabara, gari lake kalipa mgongo, akaitazama nyumba yangu kama mtu anayetazama samaki wa juzi. Akasema ndani haina neno. Vyumba vizuri, jiko zuri, paa zima. Kasoro ni uso. Wateja wanakuja, wanasimamisha gari hapa hapa, wanachungulia, halafu wanatia gia wanakwenda zao bila hata kugonga mlango. "Mteja ananunua kwa macho kabla hajashuka kwenye gari," akaniambia kwa kile Kiingereza chake cha mbio mbio.

Nilimwitikia kwa adabu kwa sababu nilikuwa na shida naye. Moyoni nilisema, ebo! Binti mdogo, viatu virefu namna hiyo, unasimama barabarani kuniambia nyumba yangu ina sura mbaya? Kama si ile shida yangu, ningempa maneno akayahadithia kwao.

Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa tatu, baridi ya London bado haijaaga na jua limeanza kubahatisha. Bango la kuuza lilikuwa limesimama pale mbele tangu majani ya miti yalipoanza kupukutika. Upepo wa majira ya baridi ulishaliinamisha upande mmoja, na mimi kila nikitoka kwenda dukani nilikuwa napita nimelipa kisogo.

Sasa nieleze hiyo shida. Mume wangu alipigwa na kiharusi mwaka juzi. Alhamdulillahi, alirudi: akili timamu, mkono unashika kikombe, ulimi mkali vilevile. Mguu ndio uliokataa ngazi. Na nyumba zetu hizi za Kingsbury, bafu liko juu. Kwa hiyo yeye aliyeendesha mabasi katika mji huu mpaka akastaafu, akawa analala sebuleni chini, na kila asubuhi mimi huvuta pazia, nikaleta beseni, nikamwosha.

Kazi yenyewe si ngeni kwangu. Nimefanya kazi katika nyumba za kulea wazee miaka na miaka, nimeogesha waume za watu wasiohesabika, na nilikuwa nawatania huku nawasugua migongo mpaka wanacheka. Wangu hacheki. Mtu ambaye mchana kutwa hafungi mdomo, nikishika tu kitambaa cha kuoshea hufumba macho, akageukia ukutani. Hatukuwahi kulizungumza hilo. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua, tukanyamaza wote wawili.

Binti yetu ni nesi na anakaa Woolwich. Yeye ndiye aliyetutafutia fleti ya chini, mtaa wa pili kutoka kwake. Ngazi hakuna hata ya dawa, bafu pana, ukutani kuna vyuma vya kushikia. Mwenye fleti, mzee mmoja mpole, alikubali kutungoja mpaka mwezi wa tatu uishe. Ukiisha hatuna mnunuzi, atampa mwingine, na hakuficha kwamba wengine wapo. Basi ndiyo habari nzima hiyo. Tusipouza, mume wangu anabaki na beseni.

Ndiyo maana nilimsikiliza dalali. Akasema mlango upakwe rangi, madirisha yaoshwe, mapipa ya taka yafichwe, na pale mbele pasafishwe. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kusafisha mbele ya nyumba ninakujua.

Na ninakujua kweli. Mimi mtoto wa Tanga. Mama yangu alikuwa akituamsha kabla jua halijatoka. Mmoja ananyunyiza maji kutuliza vumbi, mwingine anafagia uwanja kinyumenyume mpaka barazani ili asiache nyayo. Nyasi kuonekana mlangoni kwa mtu ilikuwa aibu. Nyasi ni maficho ya nyoka, tena ni ushahidi kwamba nyumba hiyo mwanamke wake analala mpaka saa tatu. Mgeni akija huangalia uwanja kwanza. Uwanja ukiwa mweupe, anajua humu mna watu.

Na mbele ya nyumba yangu kulikuwa na nini? Nyasi! Nyasi zenyewe zimechoka, zimeota kuvu, mabaka ya matope huku na huku, na katikati mti wa waridi uliokauka umebaki vijiti. Miaka yote mume wangu ndiye aliyekuwa akizikata, na mimi nilizivumilia kwa heshima yake. Tangu augue hakuna aliyezigusa. Nikajiambia, ahaa, kumbe hizi ndizo zinazonifukuzia wateja.

Jumamosi nikajifunga khanga juu ya koti, nikashika sepetu. Nyasi za huku hazina mizizi ya maana, zilitoka mapande mapande kama zulia kuukuu. Mume wangu nilikuwa nimemkalisha dirishani na blanketi lake, akawa anaongoza kazi kwa kugonga kioo na bakora.

"Kule pembeni bado!" analia. "Kule! Huoni?"

"Usiniamrishe! Hukunioa uwe mnyapara wangu!"

"Nilikuoa kwa sababu hiyo hiyo!"

Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka nimeegemea sepetu. Ilikuwa zamani sijamsikia akicheka hivyo. Mzungu mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akasimama kuniuliza kama tunatengeneza maegesho ya gari. Nikamwambia ndiyo, ili aende zake.

Waridi nalo nikaling'oa. Yale maua ya manjano yanayotangulia wenzake, yaliyokuwa yameota ukingoni, niliyaacha, sikuwa na ugomvi nayo. Nikasawazisha udongo, nikatoa ule ufagio wa chelewa niliouleta kutoka Tanga safari ya mwisho nikiwa nimeuviringisha ndani ya nguo, nikafagia kinyumenyume mpaka kizingitini. Siku ya pili nikapaka mlango rangi ya kijani aliyoichagua mwenyewe mume wangu. Tulipomaliza nikamshika mkono akasimama mlangoni kutazama. Udongo umenyooka, mistari ya ufagio imelala pamoja.

"Sasa hapa pana watu," akasema.

Jumatatu dalali akaja na kamera. Aliteremka kwenye gari, akapiga hatua mbili, akasimama.

"Bomba limepasuka?"

"Bomba gani? Nimesafisha."

Akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akaanza kusema nami taratibu, kama tulivyokuwa tukisema na wagonjwa. Akanieleza kwamba watu wa hapa wanataka kuona kijani. Wakiona kijani wanaona watoto wanacheza, wanaona utulivu. Wakiona udongo wanaona kazi na gharama. Na hasa majira haya, baridi inapoondoka, kila mtu anatamani kuona kitu kinachoota. "Na wewe umeng'oa kile kilichokuwa kinaota," akasema. Hakupiga picha. Akasema ataendelea kutumia ile ya zamani.

Jioni binti yetu akapita akitoka kazini. Mtoto huyu Kiswahili anakisikia chote, hata mafumbo, lakini jibu lake ni Kiingereza. Alipoona mbele ya nyumba alicheka hadi akakaa kwenye ukuta mfupi wa nje. Halafu akaniona uso wangu, akanyamaza. Akaniambia polepole kwamba lile waridi halikuwa limekauka, lilikuwa limelala tu, kila mtu anajua.

"Kila mtu nani?" nikamfokea. "Mimi si mtu? Mtu akilala mnasema amelala, mti ukilala nitajuaje? Unakoroma?"

Maskini mtoto. Akatoa simu yake, akaagiza nyasi za kuviringishwa, zile zinazotandikwa kama mikeka. Zingefika wiki inayofuata, siyo kabla.

Asubuhi yake nikavuta pazia nimwoshe mume wangu. Alikuwa ameshageukia ukutani. Nikamwosha bega, nikamwosha mkono, na yeye akasema hukohuko ukutani, "Mwambie yule mzee wa Woolwich asitungoje. Fleti ampe mwenye bahati yake."

"Nyamaza nikuoshe mgongo," nikamwambia.

Nilimaliza, nikamvisha, nikampa chai. Kisha nikaenda jikoni, nikafungulia bomba ili asinisikie, nikalia. Nililia kwa hasira. Hasira na dalali, na nyasi, na waridi lililolala bila kuaga, na zaidi na mimi mwenyewe, kwa kuwa nilitaka kumpa njia nikaiziba kwa mikono yangu.

Katikati ya wiki dalali akapiga simu. Yuko mtu ameiona ile picha ya zamani, anataka kuja Jumamosi. Ila yeye dalali anaona afadhali tumwombe asogeze mbele, mpaka nyasi zitandikwe.

"Aje," nikasema.

"Lakini pale mbele..."

"Aje, nimekwambia." Nikamalizia kwa lugha yangu: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hakuelewa, wala sikumfasiria.

Mvua ikanyesha siku mbili, uwanja wangu ukawa tope tupu. Nikasema, haya, balaa juu ya balaa. Ijumaa ukavuma upepo mkavu, ukanyonya maji yote. Jumamosi, nilipomaliza swala ya alfajiri, nikavaa koti nikatoka na ufagio. Sikuwa na tamaa kubwa. Nilifikiri tu, kama ni aibu, basi iwe aibu safi. Nikafagia kinyumenyume mpaka mlangoni, nikaingia, nikafunga.

Gari lilipofika nilikuwa nyuma ya pazia la dirisha. Akashuka mwanamume wa makamo, Mhindi, mnene kiasi, nywele zimeanza kumpa mkono wa kwaheri. Akatazama chini pale mbele, akakunja uso, uso ule ule wa wote waliomtangulia. Kiti cha nyuma alikaa mama mzee, sari na sweta, mikono kaikunja mapajani. Hakutikisika.

Nilitoka kuwapokea. Dalali akaninong'oneza kwamba yule ni mama wa huyo bwana, ndiye watakayekaa naye. Kila nyumba waliyompeleka amekataa hata kuteremka, na mwanawe hanunui mahali ambapo mama hajatia mguu. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha. Waliokuja na nyasi zipo walikimbia, sembuse huyu.

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguka.

Alichukua muda kushuka, mguu mmoja, kisha wa pili, sandali na soksi nene. Mwanawe akakimbia kumshika, mama akamwondoa kwa mkono. Akaja mpaka ukingoni mwa uwanja, akasimama, akainamisha kichwa. Dalali kwa kiherehere akaanza kueleza kwamba nyasi zipo njiani, zinakuja Jumanne, asijali. Yule mama akamnyamazisha kwa kidole.

"Nani kafagia hapa?" akauliza.

Kiswahili! Kiswahili safi, hapa Kingsbury, mbele ya mlango wangu! Si kwamba sikujua. Madukani kwetu wapo Wahindi wengi waliotoka kwetu, wanakijua. Lakini siku ile, na roho yangu ilivyokuwa, nilishtuka nusura nikae chini.

"Mimi, mama."

"Kinyumenyume?"

"Kinyumenyume."

Akatikisa kichwa polepole. Akasema wao kwao ni Mwanza, na asubuhi duka lao lilikuwa halifunguliwi mpaka uwanja umefagiwa. Hapo ulimi wangu, ambao umenitia mashakani tangu utoto, ukanitoroka.

"Mlikuwa mnafagia, mama, au mlikuwa mnafagiliwa?"

Toba! Nyumba inauzwa, mnunuzi amesimama, na mimi namtafutia ugomvi. Aliniangalia. Mwanawe hakuelewa, dalali hakuelewa, wakawa wanatutazama kwa zamu. Kisha yule mama akacheka, akanipiga kikofi cha mkononi kama tunaojuana.

"Wafagiaji wa nini? Duka lenyewe la viberiti na chumvi! Mama yangu alifagia mpaka mgongo ukamuuma, halafu nikafagia mimi."

"Nisamehe, mama."

"Umeuliza vizuri," akasema. "Wengine walikuwa wanafagiliwa."

Nikamkaribisha ndani. Akasita, akatazama ile mistari. Akasema ataharibu kazi yangu. Nikamwambia aharibu, uwanja tunaufagia ili watu wapite. Ndipo akavuka, hatua ndogo ndogo, na alipofika kizingitini akageuka kutazama nyayo zake. Macho yake yalikuwa na maji, na mimi yangu yakamfuata, sijui hata kwa nini.

Mume wangu alikuwa ameketi kitandani pale sebuleni, kanzu na kofia, tayari. "Karibu mama, karibu sana," akamwambia, na yeye akafurahi kukaribishwa kwa Kiswahili na mtu wa pili. Nikaleta chai ya tangawizi. Mwanawe alizunguka na dalali kupima vyumba. Mama akamaliza kikombe, akainua sari yake kidogo, akapanda ngazi akampita mwanawe njiani. Nilimsikia huko juu akifungua bomba la bafuni na kulifunga.

Aliporudi chini alisimama mbele ya kitanda. Akaliona pazia, akaliona beseni nililolisukuma chini ya kiti. Akamtazama mume wangu.

"Ndiyo maana mnauza?"

Nilijua atatoa mzaha. Nilishajiandaa kucheka. Lakini mume wangu aliinua uso, akamwambia, "Ndiyo, mama. Nataka kuoga mwenyewe."

Tangu augue, sikuwa nimeyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake. Nilisimama na sinia mkononi, nikaona aibu kutazama na aibu kutotazama.

"Ni haki yako," yule mama akamjibu. Akaaga, akatoka, akapita tena uwanjani.

Siku mbili zile za kungoja sitaki hata kuzikumbuka. Simu ikilia, moyo paa! Kumbe ni mtu anauza bima. Jumatatu mchana akapiga dalali, anapiga kelele hata simpati vizuri. Wanachukua nyumba! Wanachukua, tena mama ana sharti moja tu, kwamba nyasi zisitandikwe. Dalali alisema hajawahi kuona jambo kama hilo tangu aanze kazi, na kwa jinsi alivyosema ungedhani yeye ndiye aliyeshika ufagio. Nilimwachia sifa zote azichukue. Nilikaa kwenye ngazi, zile ngazi nilizokuwa nikizilaani asubuhi na jioni, nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeizuia tangu mwaka juzi.

"Nini?" mume wangu akaita kutoka sebuleni. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Wamechukua!"

Nikaenda kumwangalia. Alikuwa amejifunika uso kwa mkono mmoja, mabega yanatikisika, na sikuweza kujua kama analia au anacheka mpaka nilipomwondoa mkono. Alikuwa anafanya yote mawili. "Alhamdulillahi," akasema, "Alhamdulillahi," na mimi nikaitikia.

Binti yetu akazuia nyasi. Mzee wa Woolwich akapigiwa simu mwezi haujaisha, akasema amefurahi kwa ajili yetu. Karatasi za mawakili zikachukua muda wake, kama ilivyo desturi ya nchi hii, tukahama jua limeshapata nguvu.

Asubuhi ya kwanza katika fleti niliamka nikakuta upande wake wa kitanda hauna mtu. Kitanda kimoja, baada ya muda wote ule. Nikaruka. Alikuwa ameshafika kwenye ukumbi, bakora mkono mmoja, mkono wa pili unapapasa ukuta, taulo begani. Nikamwahi kumshika kiwiko.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Nakusaidia."

"Nimekuomba?"

Akaingia bafuni, akafunga mlango, nikasikia komeo likigota. Nikabaki nje. Mazoea ya kazi, nikatega sikio langu mlangoni kusikiliza kama atateleza. Nikasikia bakora ikiegemezwa. Nikasikia maji. Halafu nikamsikia anaongea, peke yake, anaongea mfululizo: maji haya yana presha gani haya, sabuni hii nani kainunua, inateleza kama kambale, nchi gani hii. Mtu ambaye mbele ya beseni hakuwa akisema neno. Nikaegemeza paji la uso wangu kwenye ule mlango.

"Uko salama humo?" nikauliza.

"Niondokee mlangoni, mwanamke! Naoga!"

Nikaondoka.